Njia ya Ndege Nyuki Isomwe Mbele ya Wenye Ardhi

Imekuwa desturi siku hizi, wataalamu wa ramani wamalizapo kurusha ndege nyuki juu ya kijiji, kurudi ofisini, kufungua kompyuta, na kuitazama njia iliyopitwa na ndege ile kama ilivyoandikwa na chombo chenyewe. Mstari huonekana juu ya ramani: waenda na kurudi, waenda na kurudi, mpaka umelifunika eneo lote. Wataalamu huutazama, huridhika, huifunga kompyuta, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Watu wa kijiji, ambao mapaa, mashamba na nyua zao zimepigwa picha, hawauoni mstari ule kabisa. Nasema katika makala haya ya kuwa desturi hii ni mbaya, na ya kuwa hoja zitolewazo kuitetea hazina nguvu. Kumbukumbu ya njia ya ndege yapasa kuonyeshwa na kusomwa, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliorukiwa, kabla picha zao hazijatumiwa kwa kazi yoyote.

Mimi si mpimaji wala rubani. Kazi yangu ni kufundisha lugha. Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa Kiswahili ana shughuli gani na mambo ya anga. Namjibu kwamba kumbukumbu hii ni maandishi, na kila penye maandishi hapana budi kuulizwa nani ayasome, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Tena moja katika hoja za wapinzani wangu yahusu kazi yangu hasa, nami nitaijibu mahali pake.

Kwanza yafaa tujue kumbukumbu yenyewe ni kitu gani. Ndege nyuki huchukua chombo kidogo kipokeacho mawimbi ya setilaiti zizungukazo dunia katika kimo cha kilomita 20,000 na ushei. Kila sekunde, na pengine mara kadhaa katika sekunde moja, chombo hicho huandika saa, latitudo na longitudo, kimo, mwendo, upande ambao pua ya ndege imeelekea, na nguvu iliyobaki katika betri. Kila andiko moja ni nukta. Kompyuta ikiziunganisha nukta hizo juu ya ramani, ndiyo njia. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani, yenye setilaiti zile, ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yatumiwayo na raia. Tangu ilipoacha, kipokezi cha kawaida hukosea kwa mita chache tu. Mwaka 2005 Google Earth ikatolewa kwa umma, na tangu wakati huo mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuuweka mstari wa namna hii juu ya picha ya dunia na kuugeuza atakavyo. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba kuuonyesha ni kazi ngumu au ya gharama.

Ndege ya kupima ardhi haipiti ovyo. Hupita kwa milia iliyo sambamba, na picha za mlia mmoja hupandana na picha za mlia ulio jirani, kisha kompyuta huzishona pamoja. Mwanamke wa Pemba asukaye ukili na kuushona hata ukawa mkeka ameifahamu kazi hii kabla haijaelezwa. Ajua kwamba ukili mmoja ukipungua urefu, mkeka huwa na pengo, hata kama zilizosalia zimesukwa kwa ustadi namna gani.

Wala mimi si adui wa ndege hizi. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zenye uzito usiofika kilo moja, kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kwa msaada wa Benki ya Dunia. Vijana wa chuo hicho, wake kwa waume, walifundishwa kuzirusha, na picha zilizopatikana zaonyesha mambo ya ardhini kwa kipimo cha sentimita chache. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, kazi ya Ramani Huria imetumia wanafunzi, wakazi wa mitaa na ndege nyuki kuchora mifereji na makazi katika sehemu zipatwazo na mafuriko. Rwanda, mwaka huo wa 2016, ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Mtu anayezikataa ndege kwa sababu ni ndege, na atoke nje wakati wa masika amweleze mkazi wa bondeni jinsi atakavyookolewa bila ya ramani. Ninayopinga si ndege. Napinga kuifanya njia yake siri ya ofisi.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni hii: watu wa kawaida hawataelewa. Wasema mstari huu ni jambo la kitaalamu, na kumwonyesha mkulima au mvuvi ni kupoteza wakati wake na wetu.

Hoja hii niliiamini mimi mwenyewe, hata nilipoona kwa macho yangu kwamba si kweli. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, nikiandika majina ya mahali. Wakati huo huo ofisi moja ilikuwa ikifanya upimaji mdogo huko, na rubani wake alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Jioni moja alikaa barazani kwa sheha, akafungua kompyuta aitazame kazi ya asubuhi. Wazee wakakusanyika. Mmoja wao, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari kwa sababu ya magoti, aliinama akatazama kwa muda.

"Shikamoo, babu," binti alisema, akamsogezea kiti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vitone hivi ni nini?"

Binti akamweleza kwamba kila kitone ni sekunde moja ya safari. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi huku vimesongamana na huku vimeachana. Huku ilikuwa ikishindana na kusi, na huku kusi inaisukuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Kitone huandikwa kwa muda ulio sawa. Ndege ikienda polepole vitone hukaribiana, ikienda mbio hutengana. Mzee yule hakuwahi kusoma habari za setilaiti, lakini alikuwa ameusoma upepo kwa miaka hamsini. Kisha akaweka kidole kusini mwa ramani akauliza: "Na mistari hii miwili mbona haikufika mwisho? Hapa ndipo dago letu."

Binti akatazama, akakuta ni kweli. Ndege ilikuwa imechoshwa na kusi; nguvu ya betri ikashuka hata kikomo kilichowekwa, nayo ikageuka yenyewe kurudi nyumbani kabla haijaimaliza milia miwili ya mwisho. Ofisini eneo zima lilikuwa limekwisha kuandikwa kuwa limepimwa, kwa kuwa hesabu ya picha ilitosha. Dago la wavuvi, ambapo watu hukaa miezi kadhaa kila mwaka, palikuwa hapamo. Baada ya wiki moja ndege iliruka tena.

Sitaki msomaji aipokee habari hii kama kisa cha kuburudisha. Zanzibar, ambako ardhi ni mali ya umma na mtu huwa na haki ya kuitumia, kutoonekana katika ramani si jambo dogo. Mpangaji wa mji atakayeifungua ramani ile baada ya miaka mitano hatakuta alama isemayo, "Hapa betri iliisha." Atakuta ufukwe mtupu, na ufukwe mtupu katika pwani yenye hoteli haukai mtupu muda mrefu. Pengo lile lingesahihishwa na nani, ikiwa mstari ungebaki ofisini kwa watu wasioujua mji wala dago?

Watasema: huyo ni mzee mmoja, na hiyo ni bahati. Si bahati. Pwani yetu imejaa watu waliolelewa katika kusoma njia za vyombo: wajuao kubisha, wajuao upande wa joshi na upande wa demani, wajuao jinsi mkondo unavyokichukua chombo pembeni hali pua yake imenyooka. Kumbukumbu ya ndege huandika mambo hayo hayo. Tena si lazima kila mtu aelewe kila kitu. Mahakamani si wote waliohudhuria wanaoifahamu sheria, walakini hukumu husomwa hadharani, wala hapana hakimu asemaye kwamba ataisomea chumbani mwake kwa kuwa wasikilizaji si mawakili.

Hoja ya pili ni ya usalama. Wasema njia za ndege zaweza kutumiwa na wabaya. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami siukatai. Ndege ilindayo tembo katika mbuga haiwezi kuonyeshwa njia yake leo, maana mwindaji haramu atajua kesho apite wapi. Ndege ya kumsaka mhalifu ni vivyo hivyo. Mambo haya yastahili kusitiriwa kwa muda. Lakini tazama jinsi wapinzani wanavyolitumia jani moja kuufunika mti mzima. Upimaji wa kijiji si msako. Ndege ilipita mchana, watoto wakaikimbilia wakiipigia makelele, kila mtu aliiona. Kuificha njia yake baada ya hapo ni kumficha mtu jambo lililotendeka juu ya kichwa chake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yatoa katika ibara ya 16 haki ya mtu kuhifadhiwa maisha yake binafsi na unyumba wake, na katika ibara ya 18 haki ya kupata habari. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yaonekana kwangu kwamba mtu hawezi kuitetea faragha ya ua wake ikiwa hajui ni lini na kwa kimo gani ua huo ulitazamwa.

Hapa lazima niseme neno juu ya wale wautumiao mstari kuwanyamazisha watu. Mama mmoja hulalamika kwamba ndege ilimpiga picha uani. Afisa hufungua kompyuta, huuonyesha mstari, husema: "Mama, tazama, ndege haikupita juu ya nyumba yako." Jibu hili lina kasoro mbili. Kwanza, mstari waonyesha mahali ndege ilipokuwa; hauonyeshi kilichoonekana na kamera. Ndege huinama ikigeuka na ikipigwa na upepo, na jicho la kamera hutazama mbali kuliko mahali nukta ilipo. Mstari uliopita nje ya ukuta waweza kabisa kuambatana na picha ya ndani ya ukuta. Pili, kipokezi cha kawaida hukosea mita chache, na katika vijiji vyetu mita chache ndizo upana wa uchochoro na ndizo mpaka wa shamba na shamba. Kwa hiyo mstari ni shahidi, lakini ni shahidi wa kuhojiwa kama mashahidi wengine. Afisa amsomeaye mama mstari huo nusu nusu hamwelimishi. Amshinda kwa chombo asichokijua.

Nafika katika hoja ya tatu, ambayo yanikasirisha kuliko zote. Wasema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Husema hivyo vijana waliosoma, na husema hivyo, kwa aibu yetu, baadhi ya wenzangu wa vyuoni.

Namwomba msomaji arudi nyuma katika makala haya. Nimeeleza jinsi nukta inavyoandikwa, jinsi milia inavyopandana, jinsi upepo unavyoonekana katika nafasi ya vitone, jinsi betri inavyoikatiza safari, na jinsi kamera inavyoona kisichokuwa chini ya mstari. Nimefanya hivyo kwa maneno ya nyumbani na machache ya kukopa, ambayo nayo yamekwisha kuwa ya nyumbani. Neno "ndege nyuki" lenyewe halikuhitaji kusubiri idhini ya mtu: mlio wa chombo ulisikika, watu wakakumbuka nyuki, jina likaenea. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lugha iwezayo kuamua kesi ya mpaka haiwezi kushindwa kuusoma mstari upitao juu ya mpaka huo.

Tena wenye kusema kwamba tafsiri ni pambo tu hawajui hatari wanayoichezea. Kumbukumbu nyingi huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nasi Waswahili huhesabu saa zetu tangu jua kuchomoza. Kumbukumbu ikiandika 5 kamili asubuhi, kwa saa ya ofisini ni 8 kamili, na kwa ulimi wetu ni saa mbili asubuhi. Atakayeisoma tarakimu ile na kutangaza barazani kwamba ndege ilipita "saa tano" ameisogeza ndege kwa saa tatu. Saa mbili mama yu uani awaosha watoto. Saa tano huenda ameshuka pwani kwenye mwani wake, na ua ni mtupu. Malalamiko ya kweli yatakuwa uongo, na uongo utakuwa kweli, kwa sababu ya mtu mmoja asiyejali lugha.

Na kimo ni hivyo hivyo. Kimo chaweza kuhesabiwa tangu mahali ndege iliporukia, au tangu usawa wa bahari, au tangu umbo la dunia la kimahesabu litumiwalo na setilaiti. Katika pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Asomaye kimoja kwa kingine ataiona ndege ikiruka chini kuliko ilivyoruka kweli, na pengine kompyuta itauzamisha mstari wenyewe ardhini. Rubani hujua ni kimo gani kilichoandikwa, au hujua mahali pa kutazama. Mwanakijiji atajuaje, asipoambiwa kwa maneno yaliyo wazi: "kimo toka tuliporushia", "kimo toka baharini"? Basi, kazi ya lugha hapa ndiyo nusu ya ushahidi.

Lawama katika jambo hili sitawatwika wapimaji peke yao. Sisi walimu wa Kiswahili tumependa mno kukaa vyumbani kutunga orodha za istilahi, kisha kuzifungia katika vitabu ambavyo rubani hatavisoma. Tulipaswa kuwa barazani pamoja na binti yule na mzee yule, kwa maana istilahi zilikuwa zikizaliwa pale, jioni ile, bila ya kamati. Nilikuwapo kwa sababu nyingine, na nusura nikose kusikia.

Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuiogopa mistari ichorwayo mbali nao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi hizi, wakapitisha mpaka kutoka mto Umba kuelekea ziwa Victoria, wakaupinda kuuzunguka Kilimanjaro, na Sultani wa Zanzibar wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Wenye ng'ombe na mashamba hawakuulizwa. Mwaka 1946 Waingereza wakaunda idara ya upimaji wa makoloni, yenye makao Uingereza, na katika miaka iliyofuata picha zikapigwa kutoka angani na ramani zikatengenezwa. Wazee wetu walisikia mngurumo juu yao, na basi. Leo marubani ni watoto wetu, waliosomeshwa katika vyuo vyetu, na huwaamkia wazee kabla ya kurusha. Ndiyo maana naona ni aibu kubwa zaidi kuidumisha desturi ya zamani wakati mgeni aliyeianzisha amekwisha kuondoka.

Ninayotaka ni machache, nayo yawezekana. Kila upimaji wa kijiji au shehia umalizike barazani: njia yote ya ndege ionyeshwe, pamoja na mapengo yake, saa zake za Kiswahili na kimo chake kilichoelezwa. Watu waulizwe majina ya mahali milia ilipopita, na majina hayo yaandikwe kama wenyeji wayatamkavyo. Nakala ya kumbukumbu ibaki kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji, ili malalamiko yakitokea baada ya mwaka mmoja pawe na pa kuanzia. Na vyuo vinavyofundisha urubani viwafundishe wanafunzi kuisoma kumbukumbu hiyo kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu, na wapewe alama kwa kazi hiyo kama wapewavyo kwa kurusha.

Atakayenijibu kwamba mambo haya yatachelewesha kazi, namwambia kwamba yatachukua jioni moja. Ndege ile ya Julai iliruka dakika zisizofika hamsini, mzee alikaa mbele ya kompyuta muda usiozidi huo, na dago la watu likaingia katika ramani.